Mafunzo Niliyopata kwenye Kingo za Matundu

Karakana tunayofanyia kazi hapa Bunia hupokea karibu kila chuma kinachovunjika Ituri: shasi za kamyo zinazotoka Mahagi, trela, matangi ya mafuta, fremu za vinu vya kusagia mawe ya dhahabu kutoka Mongbwalu, hata boriti za nyumba ambazo zamani zilikuwa shasi. Vingi mno kati ya vitu hivyo havikuvunjika palipokuwa pembamba, wala palipobeba mzigo mkubwa zaidi. Vilivunjika penye tundu. Na tundu lenyewe lilitobolewa na fundi aliyetaka kupitisha waya, bomba au bolti. Ninawaandikia mafundi wenzangu, wenye magari na wanaojenga, maana jambo hili linaua watu njiani na kulizuia hakuhitaji pesa nyingi.

1. Hesabu ya chuma kilichoondolewa hudanganya

"Papa, ni katundu kadogo tu ka bolti. Kataweza kuvunja kamyo namna gani?" Kijana anayejifunza kazi kwetu aliniuliza hivyo, na swali lake linastahili jibu la hesabu.

Chukua ubapa wa chuma wenye upana wa milimita 100 na unene wa milimita 10. Uvute kwa nguvu ya tani tano. Kila milimita ya mraba inabeba nyutoni 50 hivi, na huo ndio tunaouita mkazo. Sasa toboa katikati tundu la milimita 10. Umeondoa sehemu moja ya kumi ya chuma. Akili inasema mkazo utapanda kidogo tu, ufike kama nyutoni 56. Kwa wastani ni kweli. Lakini chuma hakivunjiki kwa wastani. Ukingoni mwa tundu, kwenye zile pande mbili zilizo kushoto na kulia kwa mvutano, mkazo unafika nyutoni 150. Umekuwa mara tatu.

Ukisimama kando ya mto Shari mahali penye jiwe katikati ya mkondo, utaona maji yanavyokunja njia na kubanana ubavuni mwa jiwe, huku mbele na nyuma yake yakitulia. Nguvu inayopita ndani ya bamba hufanya hivyohivyo ikikuta tundu. Mjerumani Ernst Gustav Kirsch ndiye aliyechapisha hesabu ya jambo hili mwaka 1898, na ile namba tatu imebaki palepale hadi leo.

Linalowashangaza wengi ni kwamba ukubwa wa tundu haumo katika namba hiyo. Maadamu bamba ni pana sana kuliko tundu, tundu la milimita 6 la waya wa taa huzidisha mkazo mara tatu sawa na tundu la milimita 60. Tofauti ni eneo linaloathirika. Ukienda mbali na ukingo kwa umbali wa nusu kipenyo cha tundu, ile ziada inakuwa imeshuka hadi asilimia 22 tu. Ukisogea tena umbali uleule, ni asilimia 7. Hatari yote imerundikana kwenye ngozi nyembamba ya chuma inayozunguka tundu, na ndiyo maana mtu anaweza kuitazama shasi nzima asione kitu.

Toka hapo pia unaelewa namna ya kupanga matundu. Yakifuatana kwa mstari unaoelekea kule nguvu inakovuta, yanakingana. Yakipangwa mstari unaokata mvutano, kila moja linamwongezea jirani yake mzigo.

2. Kona kali ni mbaya kuliko tundu pana

Mwaka 1913 Mwingereza Charles Inglis aliwapa wahandisi wa meli hesabu ya tundu lenye umbo la duaradufu. Kanuni yake ningependa kuiona imeandikwa kwenye ukuta wa kila karakana. Chukua nusu ya urefu wa tundu, ule urefu unaokata mvutano. Gawa kwa nusu kipenyo cha mviringo wa ncha yake. Tafuta kipeuo cha pili. Zidisha kwa mbili, ongeza moja.

Tujaribu. Ufa mpana uliokatwa wa milimita 100, wenye ncha ya mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 2: hamsini kwa mbili ni 25, kipeuo chake ni 5, mara mbili ni 10, ongeza moja. Mkazo kwenye ncha ni mara 11. Ukiuacha urefu uleule lakini ncha ukaizungusha kwa milimita 12.5, unapata mara 5. Umeongeza ukubwa wa tundu, na bamba limekuwa na nguvu zaidi! Nimewaona mafundi wazuri wakikataa jambo hili hadi wafanye hesabu kwa mikono yao wenyewe.

Mwelekeo nao una neno lake. Tundu la duaradufu lenye urefu mara mbili ya upana wake, likilala kukata mvutano, linazidisha mkazo mara 5. Ligeuze lilale kufuata mvutano na ongezeko linashuka hadi mara 2, chini hata ya tundu la duara.

Tundu la pembe nne halifuati kanuni ya Inglis neno kwa neno, ila linaelekea kulekule: kadiri kona inavyokuwa kali, ndivyo mkazo unavyopanda. Na katika karakana zetu pembe nne ndiyo desturi. Fundi anachora mraba kwa chaki, anachukua mashine ya diski, anakata upande mmoja baada ya mwingine. Diski ni ya mviringo, kwa hiyo ili ikate hadi upande wa chini wa bamba inalazimika kupita mbele ya kona. Inaacha mkato mwembamba unaotokeza nje ya mraba. Mkato huo ni ufa uliotengenezwa tayari; njia tu ndiyo inayosubiriwa iumalizie.

Dawa yake: toboa kona nne kwanza kwa drili, kwa biti kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Kisha kata kutoka tundu hadi tundu, usivuke. Malizia kwa tupa. Kazi inaongezeka kwa muda mfupi sana.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani walijenga meli 2,710 za aina ya Liberty, kwa kuchomelea mabamba badala ya kupiga ribiti. Baadhi zilipasuka, na sehemu moja iliyoanzisha nyufa mara kwa mara ilikuwa kona za mraba za milango ya sitaha inayoteremshia mizigo. Bamba lililopigwa ribiti lina mwisho, ufa ukifika kwenye kiungo unaweza kusimama. Bamba lililochomelewa ni kitu kimoja, ufa unaendelea. Baridi ya bahari za kaskazini ilikifanya chuma cha wakati ule kivunjike kwa ghafla, na baridi ya namna hiyo sisi hatuna. Kona za mraba tunazo, na kuchomelea tunako.

3. Chuma husamehe mzigo mmoja, hakisamehe mizigo laki moja

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, kwa kuwa anayebisha ana ushahidi. Ananiambia: mbona shasi ile ina matundu ya ovyo na imebeba miaka yote? Mbona nilipoipakia tani nyingi kupita kiasi haikukatika?

Chuma laini tunachotumia kina huruma ya asili. Kikifikishwa kwenye nyutoni 235 au 250 kwa milimita ya mraba, hakivunjiki. Kinalegea pale ukingoni, kinanyooka kidogo, na kuzipa chembe za jirani sehemu ya mzigo. Kwa mzigo uliotulia, kama paa la nyumba, mrundikano wa mkazo unaweza kumezwa usionekane kamwe. Kwa hiyo fundi wa mapaa na fundi wa magari wanaweza kutoboa tundu la namna moja, mmoja akazeeka na sifa njema, mwingine akaita watu mazishini.

Gari halijui mzigo uliotulia. Katika barabara namba 27, kutoka hapa kupitia Iga-Barrière hadi Mahagi, kila shimo linakunja shasi na kuiachilia. Ukiteremka kutoka Bogoro kwenda Kasenyi, unashuka zaidi ya mita 600 hadi ziwani, breki zikivuta na mzigo ukisukuma mbele. Njia ikifungwa kwa ajili ya usalama, mizigo inarundikana. Siku ikifunguliwa kila mwenye bidhaa anataka ipakiwe leo. Kila mkunjo unaamsha ule ukingo wa tundu. Baada ya mikunjo maelfu kwa maelfu, ufa mfupi kuliko ukucha unazaliwa, na ncha ya ufa huo ni kali kuliko kona yoyote anayoweza kukata mwanadamu. Kuanzia hapo ufa unajilisha wenyewe. Huu ndio uchovu wa chuma, na hautoi sauti.

Mfano unaonigusa zaidi ulipita karibu na kwetu, ng'ambo ya Ziwa Albert. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet yenye namba G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza ya ratiba ya ndege ya jeti yenye abiria wa kulipa, na Uganda ilikuwa kituo chake. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walikufa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo nyingine ya aina yake ilianguka baharini karibu na Naples, wakafa watu 21.

Wachunguzi huko Farnborough, Uingereza, waliichukua Comet nyingine, wakaitumbukiza kwenye tangi kubwa la maji, wakawa wanaijaza na kuipunguzia shinikizo kama inavyotokea kila inapopaa na kutua. Ilipasuka ikiwa imefikisha mizunguko 3,057, ukijumlisha safari zake za kweli na zile za majaribio. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha. Na vipande vya ile G-ALYP vilipotolewa baharini, chanzo kilionekana juu ya paa, kwenye tundu dogo la kufungia, kando ya kona ya dirisha la antena. Tundu dogo ndani ya kivuli cha kona ya tundu kubwa: mrundikano juu ya mrundikano. Ndege hiyo ilikuwa imeruka safari zipatazo 1,290 tu.

Waliotengeneza Comet walikuwa na maabara, vitabu na wataalamu. Ninapomwambia shofa asubiri nimalize kuipiga tupa kona, ninawafikiria wale watu waliopita Entebbe wakiwa wameketi kwa amani.

4. Tobolea ubavuni, uache mbawa

Shasi ya kamyo ina umbo la herufi C: ubavu mrefu uliosimama na mbawa mbili fupi, ya juu na ya chini. Shasi ikikunjika, mbawa ndizo zinazobeba karibu kazi yote. Moja inavutwa, nyingine inabanwa. Katikati ya ubavu, nusu ya kimo chake, mkunjo huo hauna mkazo kabisa. Tundu la mviringo likikaa hapo, tatu mara sifuri ni sifuri. Tundu lilelile likikaa kwenye ubawa, linachukua mkazo mkubwa kuliko wote na kuuzidisha mara tatu.

Watengenezaji wa magari ya mizigo wanakataza kutoboa mbawa, na wana haki. Lakini gari linapofika kwetu limeshapita mikono mingi. Lilikuwa na bodi nyingine, kreni labda, tangi labda, na kila mwenyeji aliacha matundu yake. Sanduku la vyombo lilifungwa kwa bolti mbili kwenye ubawa wa chini kwa sababu tu hapo ndipo drili ilipofika kwa urahisi. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, shasi hulegea chini, kwa hiyo ubawa wa chini ndio unaovutwa. Nyuma ya ekseli ya nyuma mambo yanageuka, ubawa wa juu ndio unaovutwa. Mtu anayetafuta nyufa aanze na sehemu hizo mbili kabla ya kuangalia penginepo.

Swali linalofuata daima ni hili: matundu ya zamani yazibwe kwa kuchomelea? Kwa kawaida nasema hapana. Kizibo cha kuchomelea kinaacha ukingo uliopikwa kwa moto, mgumu, wenye mapovu ndani, na mara nyingi ni kibaya kuliko tundu la duara lililo safi. Lisafishe, lipanue kidogo kama ukingo wake umechanika, litie bolti inayojaa vizuri na uikaze.

Kuna sharti moja kwenye ule ubavu. Karibu na springi na karibu na nguzo, boriti haikunjwi tu, inakatwa pia kwa mkazo wa kuteleza, na huo ni mkubwa kabisa palepale katikati ya ubavu. Tundu kubwa la pembe nne hapo hupasuka kwenye kona zake mbili zinazokabiliana kwa mshazari. Boriti ya nyumba iliyobeba mzigo uliosambaa inapenda tundu lake katikati ya kimo, mbali na nguzo.

5. Zege lina kona zilezile

Nyumba za ghorofa zinaongezeka mjini, na fundi wa bomba huja baada ya zege kukauka. Anakuta boriti imemkalia njiani, anachukua nyundo na patasi. Safari moja niliitwa na mama mwenye nyumba kwa ajili ya geti, nikakuta juu yetu kijana anapiga boriti karibu kabisa na nguzo ili bomba la choo lipite. Nilimwomba: "Mama, mwambie asimame kwanza. Bomba lizunguke." Alisikiliza, na gharama ilikuwa kona chache za plastiki na kipande cha bomba. Matundu ya bomba yanatakiwa kupangwa kabla ya kumwaga, kwa kutegesha kipande cha bomba ndani ya fomu na kuzungushia nondo.

Kwenye sakafu ya zege yenye tundu la ngazi, nondo zilizokatwa lazima zirudishwe pande zote za tundu kwa idadi ileile, na kila kona iongezewe nondo za mshazari, digrii 45, zinazovuka mahali ufa unapotaka kupita. Ukuta wa matofali ya kuchoma nao unaonyesha jambo hilo bila kificho. Tembea mtaa wowote wa Bunia utazame kona za madirisha. Ufa unapanda kwa mshazari toka kona ya juu au unashuka toka kona ya chini. Linta inayoishia sawa na ukingo wa dirisha haisaidii. Iingie ukutani vya kutosha pande zote mbili, na bora zaidi izunguke nyumba nzima. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 lilibomoa nyumba pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo, na bonde halijaacha kutikisika.

6. Kiraka kinahamisha ufa

Shasi ikipasuka, mazoea ni kuchomelea ufa, kisha kubandika juu yake bamba nene la pembe nne na kulizungushia moto pande zote. Mwenye gari anafurahi kwa kuwa kiraka kinaonekana kina nguvu. Gari likirudi, kiraka ni kizima, shasi imekatika kiganja kimoja pembeni yake. Pale kiraka kinapoishia, chuma kinene kinakutana na chembamba ghafla, nguvu zote zinaingia kupitia mstari mmoja wa kuchomelea uliokata ubawa. Tumetengeneza kona mpya kwa mikono yetu.

Utaratibu tunaoufuata ni huu. Kwanza tunatafuta mwisho halisi wa ufa, maana jicho linaona mfupi kuliko ulivyo. Tunapaka mafuta ya taa, tunasubiri, tunafuta hadi pakauke, kisha tunapaka chokaa iliyokorogwa. Mafuta yaliyojificha yanatoka na kuchora ufa mzima juu ya weupe. Kidogo mbele ya ncha yake tunatoboa tundu la duara. Vijana hushangaa kwamba tunatoboa chuma kilichopasuka, lakini hapo ncha isiyo na mviringo wowote inageuzwa kuwa ukingo wa duara, na mrundikano unashuka mara moja. Ni kuchelewesha, hakuponyi. Shofa anaweza kufika nyumbani polepole, mzigo ukipunguzwa.

Kisha ufa unachimbwa wote na kujazwa. Uimarisho unaofuata hautakiwi kuwa mnene kuliko shasi yenyewe. Ncha zake zinakatwa kwa mshazari mrefu, ziishe taratibu. Unafungwa ubavuni kwa bolti, na hauvushi moto kwenye mbawa.

7. Ukingo wenyewe

Tundu la moto wa gesi lina meno na ngozi ngumu: lipanue kwa drili au lisugue hadi chuma cheupe. Ondoa makali pande zote mbili za bamba, hata ule usioonekana. Usijaribishie elektrodi kwenye ubawa. Lile doa dogo la moto linaacha shimo na ugumu unaoweza kuzaa ufa.

8. Ufa uandikwe

Fundi anayefuata hakuwepo tulipokuwa tunazungumza na shofa. Kwa hiyo kwenye mbawa za kila shasi inayotoka kwetu tunapaka rangi nyekundu na kuandika: USITOBOE. Ufa ambao bado hatujaukarabati, labda kwa sababu gari liko safarini, tunauwekea mstari wa rangi kwenye kila ncha na tarehe pembeni. Shofa anaonyeshwa kwa kidole, na msaidizi wake pia, kwa kuwa yeye ndiye anayelala chini ya gari. Kila kituo wafute vumbi, waangalie. Ufa ukibaki nyuma ya mstari, waendelee kwa mwendo mdogo. Ukiuvuka mstari, hata kwa upana wa uzi, mzigo ushushwe hapohapo, abiria wa juu ya mizigo wateremke, na gari lisisogee tena hadi fundi afike.